Nati za Ndani

Mliniacha Kalerwe, nimechuchumaa mbele ya beseni la fundi pancha, kidole changu kikiwa juu ya namba ya gari la mzee Khisa. Wiki nzima nimebaki pale pale, na magoti yananiuma.

Aliyekosa gazeti lililopita asihangaike, mkosi wangu si mgumu kuuelewa. Mimi ni Khaemba, Mbukusu wa Bungoma, naendesha teksi hapa Kampala. Nataka kumwoa Nabangala. Baba yake, mzee Khisa, ni mtu wa kwetu, anauza viatu vya mtumba sokoni Owino tangu Nabangala hajazaliwa, na alinikataa mara mbili kwa sababu ya gari langu. Gari lenyewe ni Kikumi, ndivyo mji huu unavyoiita Corolla ya zamani.

"Mwanamume huanza kuonekana magurudumu," aliniambia. "Yako yanafanana na sufuria za msibani."

Nikaenda Nakivubo kwa Rafiq, muuza vipuri vya magari, nikachukua rimu za kisasa. Kikumi changu kina bolti nne, rimu zile zina matundu matano, kwa hiyo Rafiq akaweka adapta katikati. Ni kipande kinene cha mviringo. Kinafungwa kwenye gari kwa nati nne, kisha chenyewe kina bolti tano za kushika rimu. Ukishafunga rimu, zile nati nne za ndani huzioni tena. Unaona tano za nje tu.

Siku nilipoingia nazo getini, mzee Khisa alilizunguka gari mara moja, akanyamaza. Nabangala akasema, "Papa, zinafanana na zako." Mzee akajibu kwamba zake zilikuwa nzuri zaidi. Kisha akaniita kijana. Kabla ya hapo nilikuwa "wewe wa Kikumi". Tangu siku hiyo chai haikunikosa pale nyumbani, na mimi nikasema moyoni, kumbe ukwe hununuliwa kwa rimu.

Gari lake mwenyewe liko juu ya matofali. Alfajiri moja lilivuliwa magurudumu yote manne, na askari wa geti, Ocen, yuko rumande mpaka leo kwa kesi hiyo. Mzee ni mtu wa wasiwasi. Wengine Kampala huchonga namba ya gari kwenye vioo na taa ili mwizi akose mnunuzi. Yeye alichonga mpaka mgongoni mwa rimu.

Hiyo ndiyo namba niliyoikuta mgongoni mwa rimu yangu, fundi alipoichovya kwenye beseni kutafuta pancha. Mtu alijaribu kuifuta kwa tupa, akachoka kabla ya kumaliza.

Na kesho yake asubuhi nilikuwa nimeahidi kumbeba mzee, mkewe Mama Rosalba na Nabangala kwenda Bungoma kuifungua nyumba yao mpya. Safari hiyo ilivunjika gari la mzee lilipoibiwa magurudumu. Mimi ndiye niliyeifufua. Kimbelembele changu hakijawahi kunipeleka pazuri.

Fundi pancha alikuwa ananitazama.

"Ssebo, namba hii hapana ya gari yako," akasema.

"Ni ya rafiki yangu."

"Rafiki anajua?"

Nilimlipa, nikalifunga gurudumu mwenyewe, nikazikaza zile nati tano mpaka spana ikalia. Nilitaka kuondoka pale kabla sijaonwa na mtu anayenijua.

Nikaonwa. Ayot, mke wa Ocen, anauza karanga na simsim, yaani ufuta, mita chache tu kutoka kwa yule fundi. Alikuja akifuta mikono kwenye gauni lake la gomesi.

"Khaemba, wewe sasa kama mtoto ya mzee. Ongea na yeye."

"Niongee nini, dada?"

"Ocen hapana iba. Anasema ile asubuhi mzee alituma yeye duka ya dawa, kichwa inauma mzee. Akirudi, gari iko juu ya matofali, matairi hakuna. Polisi iliuliza mzee. Mzee alisema yeye hapana tuma mtu."

"Labda mzee alisahau."

"Mutu anaumwa kichwa, anasahau?"

Nilikuwa bado nimechuchumaa, mgongo wangu umeegemea lile gurudumu, na nilihisi namba ile inanichoma kupitia shati. Jibu la mumewe lilikuwa nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimelikinga kwa mwili wangu.

Akanipa kopo la odi, ile siagi ya karanga na simsim wanayoisaga kwao. "Ya mzee," akasema. "Yeye anapenda. Akikula njiani, ongea na yeye pole pole."

Nililipokea. Nilijichukia, lakini nililipokea.

Nikampigia Rafiq hapo hapo ndani ya gari.

"Rafiq, umeniuzia mali ya wizi."

"Khaemba, mche Mungu. Rimu zile sikuziokota njiani. Mwenyewe kazileta, mchana kweupe, mtu mzima na heshima zake."

"Kila anayeuza mali ya wizi husema hivyo."

"Haya. Na zile nati za ndani ulizirudia? Nilikwambia ukishatembea kidogo uje tuvue, tukaze upya."

"Nakaza kila asubuhi."

"Za nje au za ndani?"

Nilikata simu. Kichwani nina polisi, moyoni nina Nabangala, yeye ananisomesha nati.

Nilichotaka ni kitu kimoja: kurudisha sufuria zangu za msibani, rimu zile zipotee, nifike Bungoma na Nabangala wangu bila mtu kugeuza gurudumu. Nikakimbilia Nakivubo. Kufika, Rafiq hayupo, ameondoka muda huo kwenda harusini Bombo. Baba yake, Maalim Hamdun, ndiye aliyekaa dukani, tasbihi mkononi, miguu juu ya tairi.

"Rimu zako za zamani?" Maalim akasema. "Zimekwenda, mwanangu. Kazinunua Mkongomani juzi. Kafurahi nazo sana."

Yaani hata sufuria zangu zilipata mchumba kabla yangu.

Nikakaa kwenye kibao. "Maalim, mtu akikutana na kitu cha watu kilichopotea, na mwenyewe anamjua, afanye nini?"

"Amrudishie."

"Na kama akirudisha ataambiwa mwizi ni yeye?"

Alinitazama kidogo. "Basi arudishe mapema. Anayechelewa ndiye anayefanana na mwizi."

Nilimuaga. Njia nzima nilijiambia: kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, nitamvuta mzee pembeni nimwambie. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Asubuhi nilikuta Mama Rosalba amekwisha kujipanga barazani na mapazia.

Nikisema mapazia simaanishi mawili matatu. Ni mzigo. Amekuwa akiyachagua Owino moja moja tangu mzee aliposema ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Mzee alimpa vipimo vya madirisha yote, la sebuleni, la chumba cha wageni, mpaka kale kadogo ka bafuni. Akayakata na kuyapinda kwa mkono wake.

"Baba Nabangala, ufunguo umeubeba?" akauliza.

Mzee akapiga mfuko wa suruali. "Uko hapa."

Alikuwa hana raha. Mara kichwa kinamuuma, mara mawingu ya Jinja hayapendi, mara ananigeukia mimi: "Kijana, una hakika hilo Kikumi litafika?" Nilidhani ananidharau mbele ya Nabangala. Nikatoa spana, nikapiga magoti, nikazikaza nati za nje za magurudumu yote manne huku wote wanatazama.

"Litafika, mzee."

Hakuonekana kufurahi.

Nikamsogelea. "Mzee, nina neno nataka tuseme pembeni."

"Neno gani?"

"Kuhusu rimu."

Alinidaka kabla sijafunga mdomo. "Neno la safari halisemwi getini. Twende kama ni kwenda."

Ndivyo ujasiri wangu ulivyoisha. Nikampa lile kopo la odi, nikamwambia limetoka kwa Ayot. Alilitazama muda mrefu kuliko kopo linavyostahili, kisha akaliweka magotini.

Ikaja shughuli ya kukaa. Mzee alichukua kiti cha mbele pembeni yangu. Kwetu mama mkwe hakai karibu na mkwe, wala hawagusani, hata kama ukwe wenyewe bado ni wa kuombwa. Mama Rosalba hakutaka kukaa nyuma ya kiti changu ambapo magoti yake yangenigusa mgongo. Akajibanza kona ya mbali kabisa, nyuma kushoto, akajifunika leso mabegani. Nabangala katikati. Mapazia yakapandishwa nyuma yangu mpaka dirishani, yawe ukuta kati ya mama mkwe na mkwe.

"Mkiweka na gunia la mahindi hapo, hata sauti yake hamtaisikia," Nabangala akasema. Mama yake akamfinya.

Tukashika barabara ya Jinja. Mzee alifungua kopo, akachovya mkate, akala kipande kimoja. Hakuchovya tena.

Tulipopita Kyambogo nikaisikia.

Tik. Tik. Tik.

Nikipunguza mwendo inapungua. Nikiongeza inaongezeka. Halafu nikaanza kuihisi kwenye kiti, mtikisiko mdogo unaokuja na kwenda. Ulikuwa unatoka nyuma kushoto.

Za nje au za ndani, Khaemba? Sauti ya Rafiq ikanirudia kichwani. Siku zote zile nilikuwa nakaza nati zinazoonekana. Zile zinazoshika adapta kwenye gari, zilizofichwa chini ya rimu, sikuzigusa tangu zifungwe.

"Mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Nabangala akauliza.

"Barabara ina mashimo."

"Iko wapi hiyo yenye mashimo? Hapa ni lami tupu."

Hesabu yangu ilikuwa fupi. Kuzikaza nati za ndani lazima uvue gurudumu. Ukilivua, mgongo wake unatazama watu, na mgongoni mna namba ya mzee Khisa, na mzee Khisa yuko hapa pembeni yangu. Nikisimama, nampoteza Nabangala. Nisiposimama, labda tutafika Bungoma. Labda gurudumu litafika kabla yetu.

Nikatazama kioo. Nilimwona Mama Rosalba kwenye kona yake, pazia moja la maua mapajani, anatia uzi pindo lililofumuka, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Gurudumu lilikuwa chini yake hasa. Heshima aliyonipa ndiyo iliyomkalisha pale.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ile nilipofukuzwa kazi ya kwanza nikiwa sina nauli.

"Kijana," mzee akasema bila kunitazama, "unasikia?"

"Nini, mzee?"

"Usinichezee. Nilikuwa taniboi, utingo wa malori ya Mombasa, kabla sijamwoa huyo mama. Hiyo ni nati."

Niliwasha taa ya kushoto, nikasimama kando ya barabara kabla ya Bweyogerere. Najua baadhi yenu mtasema nilisimama kwa sababu mzee alisikia. Nilikuwa nimekwisha kuigusa breki. Msiponiamini kwa lingine, niaminini kwa hilo.

"Nini tena?" Mama Rosalba akauliza.

"Tunakaza kitu kidogo, Mama."

"Nendeni mkate matawi muyaweke barabarani," mzee akawaambia, "watu wasije wakatugonga." Wakateremka, wakashuka kwenye majani huku nyuma, Nabangala akiwa amekunja gauni.

Tukabaki wawili. Mzee akachukua spana mwenyewe, akajaribu nati za nje.

"Zimekaza," akasema. "Sasa kinachocheza ni nini?"

"Kuna nyingine ndani, mzee. Za adapta."

"Vua."

Nikapiga jeki. Nikafungua nati tano moja moja, polepole, huku naomba mvua, trafiki, ng'ombe wa mtu, chochote kitokee. Hakikutokea kitu. Gurudumu lilipotoka nililikumbatia, mgongo wa rimu kifuani kwangu, uso wake kwa mzee. Kitu kikaanguka kutoka ndani, kikabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

Ilikuwa nati. Ilikuwa imejifungua kabisa, inapigapiga ndani ya rimu kama karanga kwenye kopo. Zile tatu zilizobaki kwenye adapta, mzee alizigusa kwa kidole, zikazunguka.

Akageuka akamtazama mkewe kule majanini, anavunja tawi.

"Alikuwa amekaa juu ya hii," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Weka gurudumu chini ya gari. Jeki si ya kuaminiwa. Mkono wangu hauingii humo kabla hujaweka."

Ni kanuni ya madereva wa zamani na ni kanuni nzuri. Mimi niliendelea kusimama, nimekumbatia mpira wenye vumbi, shati langu jeupe la safari limekwisha.

"Liweke, kijana. Namba yangu naijua. Niliichonga kwa mkono wangu."

Nikakaa chini na gurudumu.

"Mzee, naapa sikuiba. Nilizinunua Nakivubo, kwa Rafiq. Jana tu ndipo nilipoiona, nilitaka kukwambia pale getini."

"Najua ulikonunua," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyempelekea."

Nilimtazama. Mwenyewe kazileta, mchana kweupe. Rafiq hakuwa amedanganya hata neno moja.

"Siku ulipoingia nazo getini nilizijua kabla hujazima injini," akaendelea. "Nikaona Mungu ana mzaha. Ningesema nini? Nikisema ni zangu, polisi wanakwenda kwa Rafiq, na Rafiq anawaambia nani aliyemuuzia."

Kumbe chai zote zile, kijana, karibu kijana, kaa hapa kijana. Nilidhani anaanza kunipenda. Alikuwa ananiogopa.

"Lakini kwa nini, mzee? Gari lako mwenyewe?"

Akachuchumaa karibu yangu, macho kule majanini. Sauti yake ikashuka.

"Hakuna nyumba Bungoma."

"Vipi hakuna?"

"Kuna msingi. Ndugu yangu amepanda mahindi ndani yake. Mwaka hadi mwaka nasema nitaanza ukuta, biashara inayumba, na huku nimekwisha kumwambia Rosalba ukuta umesimama. Nikapandisha linta kwa mdomo. Nikapaua kwa mdomo. Akaniomba vipimo vya madirisha, ningemwambia nini? Nikampa. Kisha akataka kwenda kuiona, akapanga siku. Nikasema gari likikosa miguu, safari itakufa. Nikayavua magurudumu mwenyewe."

"Na Ocen?"

Hapo alifumba macho.

"Nilimtuma dawa asione. Sikumtaja kwa mtu. Rosalba ndiye aliyepiga simu polisi, hata shati sijavaa. Walipokuja wakamkamata aliyekuwa getini, wakaniuliza kama nilimtuma. Nikisema ndiyo, wataniuliza kwa nini. Mdomo ukasema hapana."

"Ayot anauza karanga barabarani anakuombea heri, mzee."

"Odi yake nimekula asubuhi hii. Unadhani ilishuka?"

Nilimwonea huruma na nikamchukia, vyote kwa pamoja, na kati ya hivyo viwili sikujua kipi kikubwa.

Akaiokota ile nati karibu na kiatu chake, akaifuta kwa kidole. "Na hii tukiirudisha tutafika?"

"Tukizikaza zote nne, ndiyo. Tutafika mpaka Bungoma."

Akaitia mfukoni.

"Basi imepotea," akasema. "Gari limekufa. Tunarudi nyumbani kwa gari la kukodi, wewe unabaki kutafuta fundi. Jumamosi ijayo leta wazee wako kwangu. Siwakatai. Nakwambia mbele ya Mungu, sitawakataa."

Wasomaji, hilo ndilo neno nililolitafuta kwa sehemu zote hizi za mkasa wangu. Nilivunjiwa heshima kwa ajili yake, nilibadilisha gari kwa ajili yake. Sasa limekuja, limechuchumaa kando ya barabara lina grisi mkononi, na linachotaka ni ninyamaze tu. Mimi ninyamaze, Ocen akae ndani, Mama Rosalba aendelee kupinda mapazia.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, "Mzee," nikakwama hapo.

Wanawake wakarudi na matawi. Mzee akasimama haraka, akajipangusa magoti.

"Haiendi," akawaambia. "Nati imepotea njiani. Tumwachie kijana gari, sisi turudi."

"Turudi?" Mama Rosalba akasema. Tawi likamshuka mkononi. "Baba Nabangala, tena?"

Nabangala hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama. Mimi niliposimama nililiacha gurudumu limelala, na lilikuwa limelala kifudifudi.

"Khaemba," akasema. "Hii ni namba ya Papa."

Gari moja likapita, upepo wake ukapeperusha pindo la pazia dirishani.

"Khaemba, nakuuliza wewe."

Nilimtazama mzee. Nilingoja. Ilikuwa zamu yake, na nilimwachia nafasi ndefu kabisa. Nilidhani mtu aliyeahidi mbele ya Mungu, hata dakika hazijapita, atapata walau neno la kunisitiri.

Mzee Khisa akakohoa.

"Nilimshuku," akasema. "Tangu siku ile alipoingia nazo getini."

Kwa mdomo ule ule uliopaua nyumba.

Uso wa Nabangala sitauelezea. Alirudi nyuma hatua moja tu, lakini nilihisi kama amevuka mpaka wa Malaba akaniacha upande huu. "Ulikuwa unakunywa chai yetu," akaniambia. "Ulikuwa unakunywa chai yetu, na Ocen yuko ndani."

Mama Rosalba alikuwa amekwisha kutoa simu kwenye mkoba. Namba ya yule afisa wa kesi ya Ocen anayo bado, na mama huyu kuwapigia polisi hajawahi kuchelewa. Kidole kikabonyeza, simu ikaanza kuita.

Ningeweza kusema yote. Nani angeniamini? Shati langu lina alama ya rimu ya wizi kifuani. Neno la dereva wa Kikumi dhidi ya neno la baba mwenye nyumba.

Mwenye nyumba.

"Mama," nikasema, "piga tu, sikuzuii. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie mzee akuonyeshe ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa nyumba ya Bungoma. Asubuhi alisema anao mfukoni."

"Upuuzi gani huu," mzee akasema. "Mwizi anatupotezea wakati."

"Ni ufunguo tu, Baba Nabangala," Mama Rosalba akasema taratibu, simu ingali sikioni. "Mwonyeshe, anyamaze."

Mkono wa mzee ulikuwa tayari mfukoni. Ulikuwa umeingia wenyewe tangu nilipotaja ufunguo, na sasa ulikataa kutoka. Nilimwona Nabangala anautazama mkono ule. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, mikono inayoficha kitu anaijua.

Akaja mbele ya baba yake, akakunjua kiganja.

"Papa," akasema. "Nipe."

Mzee alinitazama mimi, kisha mkewe, kisha mapazia yaliyojaa dirishani. Mkono ukatoka. Vidole vikafunguka juu ya kiganja cha bintiye, ikaanguka nati moja, nyeusi kwa grisi.

Mama Rosalba aliitazama. Alitazama gurudumu, akatazama adapta yenye nati tatu na bolti moja tupu, akarudi kuitazama nati. Alikuwa mke wa taniboi wa zamani, hakuhitaji kuelezwa kwamba gari lile halikuwa limekufa.

"Ufunguo uko wapi, Khisa?" akauliza. Hakumwita Baba Nabangala.

Mzee akarudisha macho kwenye mapazia.

Ndipo simu sikioni mwa Mama Rosalba ikapokelewa, na wote wanne tukaisikia ile sauti ya yule afisa, kavu na ya haraka.

"Ndiyo, mama. Mumeshika mwizi mwingine? Taja jina, mimi naandika."